Hati Zivukazo Bahari

Wakati huu wa kungojea karafuu, swali tunaloulizwa na wanachama kuliko maswali mengine yote si la bei wala si la majamvi. Ni swali la karatasi. Huyu ana shamba lenye warithi watatu, mmoja yuko Wete na wawili wako Maskati, na hati ya uwakala iliyoletwa kutoka huko imekataliwa hapa. Yule ana kijana aliyepata nafasi ya masomo ng'ambo, na cheti chake cha kuzaliwa kimerudishwa kwa kuwa hakina uthibitisho. Mwingine amekwenda Dar es Salaam mara mbili kwa ajili ya muhuri mmoja. Twaona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili, na kusema pia maoni yetu juu yake, nayo ni kwamba mzigo huu ni mzito kuliko inavyopasa, na Serikali yetu yaweza kuupunguza sehemu kubwa kwa kuingia katika mkataba ambao umekuwako tangu mwaka 1961.

Kwanza na tufahamiane. Hati ikivuka bahari huwa mgeni. Afisa wa Maskati au wa London hamjui mrajis wetu, hajapata kuiona sahihi yake, wala hawezi kupambanua muhuri wa kweli na muhuri uliochongwa uchochoroni. Kwa hivyo hutaka mtu anayemjua amshuhudie mtu asiyemjua. Wizara yetu ya Mambo ya Nje inazo sahihi za maofisa wetu za kulinganishia; ubalozi wa nchi ile unazo sahihi za Wizara; na serikali ya nchi ile inaujua ubalozi wake. Huo ndio mnyororo, na kila pete hushika pete iliyo jirani yake tu. Ukiruka moja, mnyororo umekatika, hata kama hati yako ina mihuri kumi ya rangi zote.

Yako mambo mawili hapa ambayo watu huyachanganya. Muhuri wa Wizara au wa ubalozi hausemi kwamba yaliyoandikwa ndani ya hati ni kweli. Wasema tu kwamba sahihi ile ni ya afisa fulani, na kwamba afisa yule alikuwa na mamlaka ya kuitia. Hati ya uongo ikipigwa mihuri yote yabaki hati ya uongo. Na hati ya kweli kabisa, ikiwa imetiwa sahihi na mtu ambaye Wizara haimjui, hairuki kizingiti cha kwanza. Barua ya sheha wako, kwa mfano, ni kitu kikubwa kijijini, lakini Arabuni haina maana mpaka ofisi iliyo juu yake iitolee hati yake yenyewe.

Sasa njia yenyewe ni ipi kwa mtu wa visiwani? Aliyezaliwa Unguja au Pemba, cheti chake hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018. RITA ni ya Bara, na mwenye kupeleka cheti cha Pemba huko atakuwa amepoteza nauli yake. Kadhalika biashara na kampuni zetu huandikishwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, na BRELA ni ya Bara. Lakini mambo ya nchi za nje ni ya Muungano, kwa hivyo pete inayofuata ni Wizara moja kwa sote, nayo ina ofisi yake Unguja. Ulizeni hapo kabla ya kupanda boti ya Dar es Salaam. Balozi nyingi ziko Dar es Salaam, hilo hatuna la kulifanya. Ila Oman, India na China zina balozi ndogo mjini Unguja, na mwenye shughuli na nchi hizo aanze kwa kuuliza kama kazi yake yaweza kumalizika hapo. Kuuliza kwa simu ni bei nafuu kuliko usiku mmoja wa nyumba ya wageni Kariakoo.

Kabla ya mihuri, tazameni majina. Twasema bila ya kuficha kwamba jambo hili ndilo linaloangusha watu wetu zaidi ya lolote. Kwetu sisi mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, na kila karani huliandika kama alivyolisikia. Shule imeandika Hamisi, cheti cha kuzaliwa kimeandika Khamis, pasi imeandika Khamisi. Bi Fatma wa hati ya ndoa amekuwa Fatuma katika hati ya shamba. Na ndugu aliyeko Oman ana pasi yenye jina la kabila mwishoni, ambalo katika hati za hapa halimo kabisa. Sisi tukisoma twajua ni mtu yule yule, maana twamjua yeye na nyumba yake. Afisa wa ng'ambo hamjui mtu, ajua herufi, na herufi zikitofautiana kwake ni watu wawili. Kosa likiwa ni la karani wa usajili, lirekebishwe pale pale lilipoandikwa, na cheti kipya kitolewe. Ikiwa ni tofauti ya majina yaliyotumika miaka mingi, kuna hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, ikiyataja majina yote mawili na kusema ni ya mtu mmoja. Kiapo hicho nacho hupita katika mnyororo ule ule, kwa hivyo kiandaliwe mapema pamoja na hati nyingine, siyo baada ya kukataliwa.

Liko na jambo dogo la plastiki. Wazee wengi, kwa kuvipenda vyeti, huvifunika kwa plastiki ili visiliwe na mende wala kulowa mvua ya masika. Nia ni njema, lakini muhuri haushiki juu ya plastiki, na ofisi nyingi hukataa kukipokea cheti cha namna hiyo. Kiwekeni katika bahasha, na bahasha katika kasha. Na vile vyeti vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono, na afisa aliyetia sahihi amekwisha kustaafu au kufariki siku nyingi, ombeni kipya kinachotolewa sasa. Sahihi ya sasa ndiyo inayojulikana Wizarani. Ama tarjuma, ulizeni huko hati iendako ni lugha gani inayotakiwa, na nani aruhusiwa kufasiri, kabla hamjamlipa mfasiri wa hapa. Mahali pengine wataka tarjuma ifanywe kwao na mfasiri wao, na ile uliyoilipia huku wataiweka pembeni.

Tuje sasa kwenye lile linaloumiza mifuko ya wanachama, nalo ni hati ya uwakala kutoka kwa warithi walioko nje.

Hapana kijiji cha karafuu Pemba ambacho hakina shamba lenye mwenyewe aliyeko ng'ambo. Wako walioondoka baada ya mwaka 1964, wako waliokwenda kutafuta kazi miaka ya 1970 na 1980, na wako watoto wao waliozaliwa huko ambao mikarafuu waijua kwa kusimuliwa. Mzee amekufa, mirathi imepitia Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana au mahakamani, mafungu yamejulikana, na sasa ndugu aliyebaki ndiye anayetakiwa kupalilia, kukodisha, kuajiri wachumaji na kupeleka karafuu kituoni. Je, kwa idhini ya nani? Wengi huendesha kwa maneno ya simu. Mwaka wa mazao haba hakuna anayeuliza. Mwaka wa mazao makubwa huja shemeji na karatasi yake, na binamu na karatasi nyingine, na kila mmoja ana rekodi ya sauti katika simu yake. Mkarafuu nao haungoji mashauri. Vikonyo vikishaiva huchumwa, na ua likishafunguka karafuu hiyo imekwisha thamani yake. Shamba lenye ugomvi wa wiki tatu katikati ya msimu ni shamba lililopotea kwa mwaka ule.

Kwa hivyo twawasihi wanachama wenye ndugu nje wawatake hati iliyo barabara, tena sasa, kabla ya msimu. Aliyeko Oman anazo njia mbili. Ya kwanza ni kwenda ubalozi wa Tanzania, Maskati, akaulizie kuitia sahihi hati yake mbele ya afisa wa ubalozi. Kazi hiyo ni katika kazi zinazotambuliwa za afisa wa ubalozi, na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 umeitaja. Ya pili ni kuiandika kwa mthibitishaji wa hati wa serikali ya Oman, ikapita Wizara ya Mambo ya Nje ya huko, kisha ikaletwa ubalozini kwetu. Njia ya kwanza aghlabu ni fupi, na hati huandikwa kwa lugha inayosomwa huku bila ya tarjuma. Aliyeko Dubai ataulizia kwenye ubalozi mdogo wetu wa huko huko, na aliyeko Uingereza ataulizia London.

Hapa ndipo wengi walipoangukia. Ndugu wa Maskati hupewa na serikali ya Oman karatasi iitwayo apostili, nao huiona imekamilika, kwa kuwa rafiki yao aliyeipeleka India ilikubaliwa siku ile ile. Ni kweli, na rafiki yao hakusema uongo. Lakini apostili hufanya kazi baina ya nchi mbili zilizomo katika mkataba, na Tanzania, katika orodha ya mwisho wa mwaka 2024, haimo. Kwetu apostili peke yake ni karatasi nzuri iliyokosa mtu wa kuipokea, na hati hurudishwa ikapitishwe ubalozini. Wakati huo mikarafuu imekwisha kuiva.

Na yaliyomo ndani ya hati yenyewe je? Tumeziona hati zisemazo kwamba fulani ni wakala wangu "katika mambo yangu yote." Hatuzipendi. Mtu akikupa madaraka ya kila kitu, amekupa na ugomvi wa kila kitu. Hati nzuri hutaja shamba kwa mahali lilipo na mipaka yake, hutaja mikarafuu, husema kama wakala aweza kuchuma na kukodisha tu au aweza pia kuuza, husema fedha zitapokewa vipi na hesabu itatolewa lini, na huwa na tarehe ya kwisha. Kuuza kuandikwe waziwazi, kwa neno lake. Atakayenunua shamba kwa hati isiyotaja kuuza amejitafutia kesi. Na ijulikane kwamba aliyetoa uwakala akifa, uwakala umekufa naye. Sheria ya dini yasema hivyo na sheria ya serikali yasema hivyo. Yako mashamba yanayoendeshwa leo kwa hati za watu waliozikwa zamani, na wenye kuyaendesha hawana nia mbaya, ila hawajui kwamba tangu siku ile ya msiba mali ni ya warithi wapya, nao ndio wanaopaswa kutoa idhini mpya. Cheti cha kifo kilichotolewa Maskati nacho ni hati ya ng'ambo, na kutumika kwake katika mirathi ya hapa chataka uthibitisho kama hati nyingine.

Juu ya hati za biashara hatutasema mengi. Karafuu za visiwani hununuliwa na Shirika la Taifa la Biashara, na hati za kuzisafirisha ni kazi ya Shirika. Mwanachama anayesafirisha viungo vingine, mdalasini, pilipili manga au manjano, ajue kwamba cheti cha afya ya mimea na cheti cha asili ya bidhaa vina njia zao mbali, na hata mkataba tutakaoutaja haukuzigusa hati za forodha na biashara za namna hiyo. Amwulize mnunuzi wake kwa maandishi ni hati gani anazozitaka na muhuri wa nani, kabla ya kufunga magunia.

Sasa maoni yetu. Tarehe 5 Oktoba 1961, mjini The Hague, Uholanzi, ulifanywa mkataba wa kuondoa mnyororo huu mrefu, nao ukaanza kutumika tarehe 24 Januari 1965. Mpango wake ni mwepesi. Kila nchi huteua ofisi yake ya kutoa cheti kimoja, hiyo apostili, chenye umbo la mraba usiopungua sentimita 9 kila upande na mambo 10 ya kujazwa, na kichwa chake lazima kiwe kwa Kifaransa. Cheti hicho kikishabandikwa, hakuna haja ya Wizara nyingine wala ubalozi. Hati hupokewa katika kila nchi iliyomo. Na ofisi iliyokitoa huweka daftari, ili afisa wa ng'ambo mwenye shaka aulize kama cheti namba fulani kilitoka kweli.

Nchi zaidi ya 120 zimo. India imo tangu mwaka 2005, Oman tangu 2012, Saudia tangu Desemba 2022, China tangu Novemba 2023. Uingereza na Uturuki zimo siku nyingi. Indonesia, ambayo ni mkulima mkubwa wa karafuu kama sisi, imo tangu Juni 2022. Katika majirani zetu wa Afrika Mashariki, Burundi ilianza mwaka 2015 na Rwanda mwaka 2024. Ukizitazama nchi hizo utaona kwamba nyingi ndizo wanakokwenda watoto wetu kusoma na ndugu zetu kufanya kazi. Mrundi mwenye cheti cha shule apata karatasi moja kwao na kwenda zake, na mtu wa Micheweni avuka bahari mara mbili kabla cheti chake hakijaanza safari.

Twasikia wasemao kwamba tukiingia tutapoteza ada. Mkataba haukukataza kutoza ada kwa apostili. Ada itakayopotea ni ile inayolipwa kwa balozi za wageni, na hiyo haijapata kuingia katika hazina yetu. Wengine wahofu hati za kughushi. Hofu hiyo ni ya haki, lakini tuiweke mahali pake. Ni mnyororo mrefu wa leo unaowalisha vishoka, kwa kuwa mtu aliyechoka na safari humpa karatasi zake kijana wa mlangoni mwa ofisi, na kijana humrudishia mihuri ambayo hakuna anayejua imetoka wapi. Daftari moja linaloulizika ni kinga kubwa kuliko mihuri minne isiyoulizika.

Hatudai kwamba mkataba utamaliza kila taabu. Umoja wa Falme za Kiarabu haukuwa katika orodha ya mwaka 2024, kwa hivyo hati za Dubai zingeendelea na njia ya zamani. Majina yaliyopishana yatabaki kupishana. Wala nchi haingii leo ikaanza kesho: nchi zilizomo hupewa miezi 6 ya kusema kama zinapinga, na mkataba huanza siku ya 60 baada ya muda huo kwisha. Yaani hata Serikali ikiazimia sasa, msimu mmoja utapita. Hiyo ndiyo sababu ya kutokaa kimya.

Na tukiingia, liko jambo moja tunalolitaka kwa nguvu zaidi. Mkataba umeiachia kila nchi kuteua ofisi zake yenyewe, nayo yaweza kuteua zaidi ya moja. Twaomba ofisi moja iwe Unguja na nyingine iwe Chake Chake. Apostili inayotolewa Dar es Salaam tu itampunguzia mtu wa Pemba foleni ya ubalozini, lakini nauli, boti na siku nne za kuliacha shamba vitabaki pale pale. Sehemu kubwa ya karafuu za nchi hii hutoka Pemba, na si jambo kubwa kwa Pemba kuwa na meza moja, karani mmoja na daftari moja.

Mpaka hapo, chama chaweza kufanya lake. Twapendekeza kwa Kamati kwamba kila tawi liwe na mtu mmoja wa kuwatazamia wanachama hati zao kabla hazijaondoka: majina, tarehe, sahihi, plastiki. Twapendekeza pia kiandikwe na wakili mfano mmoja wa hati ya uwakala kwa mashamba ya mikarafuu, ili ndugu wa nje wapelekewe wajaze badala ya kila mtu kubuni yake. Mambo haya mawili yatawekwa mbele ya mkutano mkuu ujao, pamoja na barua ya kuiomba Serikali juu ya mkataba. Mwanachama ambaye hati yake ilirudishwa, iwe hapa au ng'ambo, amletee katibu wa tawi lake nakala, pamoja na tarehe za safari zake na fedha zilizotumika. Nakala hizo tutaziambatanisha na barua, majina ya wenyewe yakiwa yamefutwa.